Roshani Ambayo Haikuwepo

Karani wa vibali vya ujenzi aliitwa Zamudio, na alikuwa na tabia ya kumkagua mtu kuanzia viatuni kwenda juu. Alipofika usoni mwa Inspekta Remedios Ochoterena, alikuwa ameshamchoka.

"Nyumba ya Don Fulgencio Aldrete haina roshani," alisema.

"Umeiona?"

"Nimeona faili. Ombi la kuongeza roshani ya mbao juu ya paa, kwenye nyumba ya kupangisha. Halijaidhinishwa. Maana yake roshani haipo."

"Nimekuuliza kama umeiona nyumba yenyewe."

"Dada yangu, mji huu wa Santa Brígida umejaa nyumba za zamani zisizoruhusiwa kuguswa hata msumari. Nikianza kupanda ngazi za kila mtu, nani atabaki hapa kuwahudumia wananchi?"

Nyuma ya Remedios wananchi wenyewe walikuwa wameegemea ukuta, mmoja amelala kabisa na mdomo wazi. Zamudio hakuwa amemhudumia yeyote tangu afungue dirisha. Sajini Tirado, aliyesimama kando ya bosi wake na kofia mkononi, alikohoa ili asicheke.

"Ombi lilikwama wapi?" Remedios aliuliza.

"Mchoro hauna sahihi ya mhandisi. Na hata angempata mhandisi, nani angetia sahihi yake pale? Roshani inapanda juu ya ukuta wa ukingo, inatokeza nje, inaning'inia juu ya ua, na nguzo zake zisingembeba mbwa aliyeshiba."

"Ulimweleza hivyo?"

"Nilimweleza arudi Jumatatu."

"Akarudi?"

"Kila Jumatatu, mwaka mzima na zaidi. Anagonga kaunta, anataja majina ya wakubwa, anatuita kupe. Halafu baada ya Pasaka akaacha kuja." Zamudio alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Tukasema Mungu yupo."

"Hukujiuliza kwa nini aliacha?"

"Alichoka."

"Watu wa aina ile hawachoki," Remedios alisema, akimsogezea faili lake. "Wanaacha kuomba wakishapata."

Karani alilichukua faili kwa ncha za vidole. "Falsafa ni dirisha la pili," alisema, akafunga lake.

Kesi yenyewe ilikuwa na kurasa chache, na mkuu wa upelelezi alitaka ziwe chache zaidi. Noemí Berumen, mwalimu wa chekechea, mpangaji wa chumba cha juu katika nyumba ya Don Fulgencio, alikutwa amekufa uani wiki iliyopita, amelala kifudifudi juu ya mawe. Daktari alisema alikufa asubuhi. Don Fulgencio aliwaita polisi jioni. Alidai alishinda shambani kwake, akarudi, akamkuta. Juu ya paa kulikuwa na ukuta wa ukingo unaofika kifuani, na mtu haanguki kwa bahati mbaya akiwa nyuma ya ukuta kama huo. Kwa hiyo alijirusha. Ndivyo Don Fulgencio alivyosema, ndivyo mkuu wa upelelezi alivyokubali, kwa kuwa wawili hao hucheza karata pamoja, na ndivyo faili lingefungwa leo jioni.

Upande wa pili alikuwepo mama wa marehemu tu. Doña Eduviges aliapa kwamba binti yake alimpigia simu mwezi huu akisema anakunywa kahawa yake kwenye roshani, na kwamba anaiona minara yote ya makanisa. Mkuu wa upelelezi alisikiliza, akauliza kama marehemu hakuwa na mazoea ya kutia kitu ndani ya kahawa hiyo, akacheka peke yake.

"Na ule unga wa mbao?" Tirado aliuliza walipokuwa wakipanda kilima kwa miguu, maana gari lisingepita kwenye vichochoro vile. "Daktari aliuandika. Kwenye nywele na mabegani."

"Mabegani, upande gani?"

Tirado alifikiri. "Nyuma, afande. Mgongoni."

"Likumbuke hilo."

Juu ya kila jengo lisilokwisha, mahali pa juu kabisa, kulikuwa na msalaba wa mbao uliovikwa maua ya karatasi. Waashi huuweka tarehe tatu Mei, siku ya Msalaba, baada ya kuubariki kanisani asubuhi, na mwenye jengo huwalisha nyama na kuwanywesha mpaka washindwe kushuka ngazi. Karatasi zilikuwa bado zinang'aa. Mvua za mwaka zilikuwa hazijaanza, ingawa mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima kama watu wanaongoja kukaribishwa.

"Shemeji yangu alinialika kwenye jengo lake," Tirado alisema. "Nyama ya nguruwe, maharage, pombe kali ya mezcal. Mpaka leo tumbo halijanisamehe."

"Tumbo lako lina haki."

Doña Eduviges alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba iliyoelekeana na lango la Don Fulgencio, mwanamke mdogo wa umbo, shali yake imekunjwa mapajani. Remedios alichuchumaa mbele yake.

"Pole, mama. Uko hapa tangu asubuhi?"

"Tangu misa ya kwanza." Mama alifunua ncha ya shali. Ndani mlikuwa na msalaba mdogo wa chuma wenye jina la Noemí. "Nilitaka kuusimamisha uani, pale alipoangukia. Yule bwana akauokota, akautupa barabarani. Akasema nyumbani kwake hakuna misalaba, misalaba inafukuza watalii. Akasema na tena waliojiua hawawekewi."

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya mtaa mzima." Alifunika msalaba tena, taratibu, kana kwamba umelala. "Inspekta, mimi sitaki nyumba yake. Nataka kujua mwanangu nimwombee vipi tu."

"Kaa hapohapo, mama. Usiondoke."

Don Fulgencio alikuwa mezani uani, chini ya mwavuli wa kitambaa, mbele yake sahani ya chilaquiles, vipande vya chapati za mahindi vinavyoelea kwenye mchuzi wa pilipili. Mawe ya ua yalikuwa yamesuguliwa mpaka yakawa meupe. Hatua chache kutoka kwenye kiti chake yalikuwa meupe zaidi, na hapo ndipo alipokuwa ameupeleka mguu wake mmoja, ametulia, kiatu kinacheza.

"Mmechelewa," alisema bila kusimama. "Mkuu wenu aliniambia mtakuja asubuhi. Sasa binti, umekuja na huyu mwenye tumbo tu?"

"Ni Inspekta," Tirado alisema.

"Tumbo nalo ni inspekta?"

"Tunataka kuona paa," Remedios alisema.

"Mnatafuta roshani. Najua. Yule mama anapiga kelele mtaani." Alimaliza tonge, akajifuta mdomo pole pole. "Nisikilize vizuri, maana sirudii. Mtaa huu wote wamejenga bila kibali. Wanajenga Jumapili, watu wakiwa kanisani. Mimi peke yangu nimepanga foleni kwenye ofisi ile inayonuka soksi, nyuma ya wauza vitunguu, nikiomba ruhusa ya kuweka mbao juu ya nyumba yangu mwenyewe. Sasa niambie, wewe uliyesoma. Mtu wa kujenga kwa kuiba anaomba kibali cha nini?"

"Kwa nini uliacha kufuatilia?"

"Nilichoka."

"Zamudio naye alisema hivyo."

"Zamudio ni kupe, lakini hata kupe huona."

Aliwatangulia ngazini akiwa na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Kwenye mlango wa chumba cha Noemí hakusimama. Kilikuwa kimeshapakwa rangi, na kitanda kimetandikwa shuka jipya kwa ajili ya mpangaji mwingine.

Paa lilikuwa pana na tupu. Lilikuwa limepakwa rangi nzito nyekundu ya kuzuia maji, kutoka ukuta hadi ukuta, na harufu yake ilikuwa bado inakata pua. Ukuta wa ukingo ulimfika Remedios kifuani, sawa na ilivyoandikwa. Upande mmoja kulikuwa na kibanda cha stoo. Nyuma ya kibanda, juu ya jukwaa la matofali, tangi jeusi la maji lilijitokeza nusu.

"Umepaka lini?"

"Juzi. Mwenye akili hupaka kabla ya mvua. Wasio na akili huweka ndoo juu ya kitanda."

Ilikuwa kweli. Nusu ya mapaa ya mji yalikuwa mekundu vilevile. Tirado alipiga magoti karibu na ukingo, akakwaruza rangi kwa kisu, akakwaruza tena mbele kidogo.

"Viraka vya saruji, afande. Saruji mpya. Hapa, na pale, vimepangana."

"Nguzo za kamba za kuanikia nguo," Don Fulgencio alisema kabla hajaulizwa. "Nimezing'oa. Wapangaji wangu walikuwa wanatundika chupi mbele ya minara ya kanisa, na wageni wanapiga picha. Una swali jingine la nguo za ndani, Sajini?"

Tirado alikunja kisu. Lakini macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye mlango wa stoo, kwenye ufa wake, na Remedios aliona shingo yake ikinyooka kama ya mbwa aliyesikia jina lake.

"Mna mbao humu," Tirado alisema. "Ndefu. Zimepangwa."

"Zimo."

"Tufungulie."

Don Fulgencio alitafuta ufunguo mfuko mmoja, akatafuta mfuko wa pili, akaupata kwenye ule wa kwanza. Tirado aliingia kwa haraka, mkasikika mgongano wa mbao, vumbi likatoka mlangoni. Alipotoka alikuwa ameshika mguu wa kitanda uliochongwa zabibu na malaika.

Don Fulgencio alicheka mpaka akashika ukuta.

"Andika, Sajini. Roshani ya kulalia. Ushahidi namba moja, kitanda cha babu yangu. Naye pia aliangukia humo, akafa kwa uzee."

Remedios alimngoja amalize. "Nguo za Noemí zilikuwa na unga wa mbao."

"Mchwa. Nyumba hii ilijengwa na Wahispania, na mchwa wake wana nasaba ndefu kuliko yenu."

"Alikuwa mpangaji wa namna gani?"

"Wa huzuni. Peke yake, hana mume, anaimba nyimbo za watoto chumbani. Mtu mzima anayeimba hivyo ana jambo kichwani."

"Alikuwa mwalimu wa chekechea."

"Basi ndiyo hiyo sababu." Alitema kijiti kupitia juu ya ukuta, kikashuka uani. "Mmeona paa, mmeona kitanda. Mkuu wenu ananingoja tule pamoja, na nitamweleza jinsi mlivyofanya kazi kwa bidii. Shukeni."

Upepo ulianza kutoka upande wa milimani, wa baridi, wa kabla ya mvua. Tirado alivaa kofia. Remedios hakwenda ngazini. Alikuwa amegeuza kichwa.

Kitu kilikuwa kinachakacha nyuma ya kibanda, sauti nyepesi na kavu.

Alizunguka stoo. Juu ya tangi, umefungwa kwa waya kwenye kifuniko upande usioonekana kutoka ngazini, palikuwa na msalaba wa mbao wa rangi ya buluu. Maua yake ya karatasi, ya waridi na meupe, yalikuwa yanapigwapigwa na upepo.

"Don Fulgencio," aliita. "Ulimwambia mama wa watu kwamba nyumbani kwako hakuna misalaba."

Alikuja akijikokota, akatazama juu. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mgeni asiyemjua ameketi mezani kwake.

"Ule ni wa zamani," alisema. "Wa babu. Aliuweka alipojenga tangi."

"Tangi hili la plastiki?"

"La kabla yake. Wewe unapenda sana kujibishana."

"Ushushe, Tirado. Usiyaharibu maua."

Tirado alipanda matofali akipumua kwa nguvu, akafungua waya, akashuka na msalaba ameukumbatia kama mtoto. Remedios alilowesha dole gumba kwa ulimi, akaligandamiza kwenye ua moja la waridi, akaliinua mbele ya macho ya mwenye nyumba. Rangi ya karatasi ilikuwa imelihamia dole, jekundu kama limechomwa.

"Mvua za mwaka jana ziliisha Oktoba," alisema. "Karatasi hii ikinyeshewa mara moja hubaki uji. Hii haijaona tone. Babu yako alitoka kaburini mwaka huu kuja kuiweka?"

"Basi ni wapaka rangi. Waliuacha."

"Wapaka rangi umewaleta juzi, umesema mwenyewe. Na wapaka rangi hawaweki msalaba. Huwekwa na waashi, tarehe tatu Mei, mahali pa juu kabisa pa kazi yao. Tarehe tatu Mei hapa kulikuwa na waashi, Don Fulgencio, na walikuwa wanajenga kitu. Uliwalisha nyama siku hiyo, la sivyo wasingerudi kesho yake. Kitu gani?"

Don Fulgencio hakumtazama yeye. Alikuwa anautazama msalaba, na midomo yake ilikuwa imepinda kwa dharau, dharau ileile aliyokuwa nayo tangu mezani, ila sasa ilikuwa inamwendea mtu ambaye hakuwepo pale.

"Nilimwambia yule mjinga aondoe kila kitu," alisema.

Tirado aliukaza msalaba mikononi.

"Kila kitu kipi?" Remedios aliuliza.

Don Fulgencio aligeuka ghafla kumtazama. Alikuwa ameshasikia alichokisema.

"Nitakusaidia. Aliondoa mbao, nguzo na misumari. Aliziba mashimo. Kila ulichomwagiza alifanya, isipokuwa hiki. Hakuna mwashi Santa Brígida atakayetupa jalalani msalaba uliobarikiwa, hata umtishie. Akaupandisha hapo, mahali pa juu palipobaki. Na wewe hukuuona, kwa sababu hujawahi kutazama kazi ya fundi ila unapotaka kulalamika."

"Msalaba si roshani. Nitamwambia mkuu wako."

"Mwambie. Mwambie na karata za leo zimeahirishwa." Remedios alifuta dole gumba kwenye leso. "Noemí alianguka kifudifudi, na unga wa mbao ulikuwa mgongoni mwake. Aliupata akiwa ameshalala. Mchwa hawatafuni mbao hewani. Mbao zenu zilikatika asubuhi chini ya miguu yake, naye na kikombe chake cha kahawa, na mchana kutwa mlikuwa mnaikata roshani kwa msumeno juu ya maiti, mpaka pakawa safi pa kuitia polisi. Hamkumfunika hata shuka."

"Alikuwa ameshakufa," Don Fulgencio alisema. "Shuka lingemsaidia nini?"

Hapo Tirado, mtu ambaye Remedios hakuwahi kumwona akikasirika, aliuweka msalaba chini polepole, akauegemeza vizuri ukutani, kisha akatoa pingu na kumgeuza yule bwana kwa bega kama mtu anavyogeuza gunia.

"Mpigie padri wa parokia," Remedios alimwambia. "Akumbuke ni kundi gani la waashi lilileta msalaba wa buluu siku ya misa. Fundi mkuu wao atasema. Mtu aliyeshindwa kuutupa huu hawezi kuwa amelala vizuri wiki nzima."

"Na mkuu, afande? Anangoja faili afunge."

"Atalifunga. Ila si kwa neno 'alijirusha'."

Walishuka, Tirado akiwa na msalaba wa buluu kwapani, Don Fulgencio mbele akilalamika kwamba pingu zinamchafulia mikono ya shati. Remedios alifungua lango mwenyewe. Doña Eduviges alisimama ng'ambo ya kichochoro, shali ameibana kifuani. Aliziona pingu, lakini hazikumshughulisha. Alimtazama Remedios.

"Alijirusha?"

"Hapana, mama. Roshani ilikuwepo, kama alivyokwambia. Haikujengwa vizuri. Alikuwa amesimama tu anatazama mji, ikakatika."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayesikia njia ya kwenda mahali na hataki kuikosea. Kisha akavuka kichochoro, akapita kati yao bila kuomba, akaingia uani. Aliyajua mawe yale bila kuonyeshwa. Alipiga magoti, akafunua shali, akaanza kutafuta kwa vidole mahali kati ya jiwe na jiwe ambapo chuma kingeingia.

"Pale hapana," Don Fulgencio alisema. "Pale ndipo wageni wanapopita. Hana ruhusa ya kuweka kitu uani kwangu."

Tone la kwanza la mvua lilipiga mwavuli, juu ya sahani yake iliyobaki. Tirado alivua koti haraka, akaufunika msalaba wa buluu ili maua yake yasiloane.

"Peleka malalamiko ofisi ya vibali," Remedios alimwambia Don Fulgencio. "Wakikwambia urudi Jumatatu, urudi."

Kisha akaokota jiwe lililolegea kando ya ukuta, akaenda kupiga magoti upande wa pili wa yule mama, akampa jiwe, akashikilia msalaba mdogo usimame wima wakati Doña Eduviges anaupigilia.